Nguzo ya Kapteni

Kuta ninazojenga huanguka kabla sijanawa mikono. Ndiyo maana nilipewa kazi ya kulinda magofu, ambayo yameshaanguka.

Jeshi la kigeni lilipouteka mji wetu, kapteni wao alinijia na lori.

“Shekuwe, nataka nguzo ya kaburi la kale, niipeleke makumbusho ya kwetu. Ni ipi kati ya hizi mbili?”

Moja ilinyooka, laini kama yai. Nyingine ilipinda, imejaa nyufa. Nikapiga magoti.

“Chukua iliyonyooka, afande! Hii mbovu tuachie.”

“Kwa nini unailinda mbovu?”

“Nimeizoea tu.”

Alicheka sana. “Unaniona mjinga? Mbovu ndiyo ya kale. Pakieni!”

Nililia mpaka lori likapotea.

Jioni mke wangu, Mwanaesha, alirudi na mbuzi.

“Nguzo ya zizi iko wapi?”

“Imekwenda makumbusho.”

“Ile uliyoijenga mwaka jana, ukiiga ya kaburi?”

“Hiyo hiyo. Nitakujengea nyingine.”

Aliitazama nguzo ya kaburi, iliyosimama miaka mia sita bila ufa.

“Hapana, mume wangu,” akasema. “Safari hii nitamwita fundi.”