Kila Nyumba na Gogo Lake

Mjane mmoja alikuwa na gogo darajani. Jina lake Mwayuma, na kijiji chake kilikuwa msituni, mbali na mji wowote wenye taa. Ukitaka kukijua kijiji hicho usihangaike sana: nyumba arobaini za udongo, kanisa lisilo na mlango, shule ya mwalimu anayekuja akipenda, mto upande huu, mlima upande ule. Mlimani ndiko kulikokuwa na mawe meusi, mazito, yale yanayotafutwa na dunia nzima. Wanakijiji walijua kwamba wao ni matajiri, maana kila mgeni aliyepita aliwaambia hivyo, akala muhogo wao, akaenda zake.

Sasa nishikieni hili la daraja, msije mkaniuliza baadaye. Tangu enzi za mababu, miti miwili mirefu ililazwa kutoka ukingo huu hadi ule, na juu yake magogo yakapangwa kukingama, moja moja, kila moja na mwenyewe. Kijana akioa, kabla ya kuwasha moto kwake hulaza gogo kwanza. Likioza, unalibadilisha wewe, wala hakuna wa kukukumbusha. Ukivuka unaliona, na wenzako wakivuka wanaliona. Nyumba isiyo na gogo haikuwa nyumba, na mwenyewe akifika kisimani watu hunyamaza. Ilikuwa desturi nzuri, sitaki kudanganya. Gogo lilidumu miaka mitano, kwa kuwa lilikanyagwa na miguu ya watu, na mbuzi, na baiskeli za wauza chumvi. Na mtu akizidiwa na ugonjwa, wanaume wanne walimtia kwenye machela, wakavuka naye hadi zahanati, mwendo wa nusu siku, wakipokezana. Ndiyo sababu daraja lilijengwa.

Kisha yakaja malori kuchukua mawe. Hakuna aliyeuliza daraja ni la nani. Lori moja likipita, magogo matatu yanapasuka. Wanakijiji wakafanya nini? Wakafanya walichofundishwa: kila mtu akabadilisha gogo lake. Mwezi haujaisha, wakabadilisha tena. Miti migumu ya karibu ikaisha, wakaifuata mbali, siku mbili, siku tatu. Mashamba yakaachiwa wanawake, na wanawake walipochoka, yakaachiwa nyani. Ukiwaambia wapumzike kidogo walikuangalia kama umewatukana. Njaa waliivumilia, lakini kuonekana na gogo bovu hawakuweza. Wenye malori hawakuleta hata fito. Walete ya nini? Walikuta daraja zima kila wanapofika, wakadhani lina tabia ya kujiponya lenyewe.

Gogo la Mwayuma likapasuka wakati wa mvua. Mume alikwisha kufa. Mkwe alikwenda machimboni na hakurudi. Nyumbani alibaki na bintiye Feza, mwenye mimba ya miezi minane. Siku ya tatu, Sumaili, kapita, yaani msimamizi wa kijiji, mtu mzima mwenye adabu zake, akaja kusimama mlangoni. Hakugomba. Alisema tu, "Mama Feza, watu wanaparuka pale pako."

Mwayuma alisikia uso unamwaka kwa aibu. Akaingia ndani, akaitazama nguzo ya katikati, ile inayobeba paa lote, mti mgumu aliouchagua marehemu mumewe walipokuwa vijana. Akalitegemeza paa kwa mianzi miwili, akaing'oa nguzo, akaiburuta hadi mtoni. Watu wakamsifu. Wapo waliomhurumia, lakini hata hao walimsifu kwanza. Mimi nikifika hapa kila mara nachoka, nataka kunyamaza. Ila wacha niendelee.

Wiki iliyofuata uchungu ukamshika Feza alfajiri, na mtoto amekaa vibaya. Mwayuma akatoka kutafuta wabebaji wa machela. Akapita mlango huu, akapita ule. Wanaume wote wako msituni wanatafuta magogo ya daraja. Wanawake walikuja, wakachemsha maji, wakamkanda, wakamwambia jipe moyo mwanangu. Lakini kumbeba nusu siku kwenye utelezi ule hawakuweza. Mchana lori likashuka kutoka mlimani. Mwayuma akakimbia, akasimama katikati ya daraja, juu ya nguzo yake mwenyewe, akainua mikono miwili.

Dereva akasimama. Hakuwa mtu mbaya, tena alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, mama," akasema. "Gari hili ni la mawe. Nikipakia mtu, kazi sina."

Basi Mwayuma akafanya jambo ambalo hadi leo hajajisamehe: akapisha. Kijijini kwao mtu anayevuka hazuiwi, na miguu ilisogea yenyewe kabla yeye hajafikiri. Lori likapita juu ya ile nguzo. Mti ulikuwa mgumu, haukupasuka.

Alasiri mvua ikanyesha. Mianzi ikateleza, paa likainama, na wanawake wakamtoa Feza mbiombio wakampeleka kwa jirani. Feza alipona. Mtoto hakulia. Walimzika asubuhi yake nyuma ya nyumba iliyoinama, kaburi fupi kama shimo la mgomba, na mvua bado inarasharasha.

Kutoka kaburini Mwayuma hakurudi kwa jirani. Alichukua jembe lile lile lililochimba kaburi, akashuka mtoni, akaichokonoa nguzo yake mpaka ikatoka, akajitwika begani. Wakati huo wanaume walikuwa wamerudi na magogo yao, wamevimba miguu. Lori likafika, likakuta pengo, likaanza kupiga honi. Nanyi mngetegemea nini? Kwamba wangeuona udongo mbichi mikononi mwa yule mama, wakakaa chini, wakaliacha lori lipige honi mpaka betri iishe? Hata mimi nilitegemea hivyo mara ya kwanza kuisikia habari hii. La. Walimkasirikia yeye. Kapita Sumaili, yule mtu wa adabu, alimfuata mbio huku amevua kofia.

"Mama Feza! Unatutia aibu mbele ya wageni!"

Mwayuma akageuka, na nguzo begani. Hakupandisha sauti.

"Kapita," akasema, "kwako bado nguzo ipo. Kaing'oe."

Honi ikalia tena. Sumaili akatazama lori, akatazama pengo, akawatazama watu waliokuwa wakimtazama yeye. Kisha akaenda kwake. Mkewe alikuwa uani anapepeta mchele. Akamwona anaingia, akasikia udongo unapasuka, akamwona anatoka na nguzo. Akauweka ungo chini, akashika kichwa. Sumaili akailaza nguzo penye pengo, akaikanyaga kuipima, akampungia dereva mkono. Lori likavuka na mawe yake. Na watu, ndugu zangu, watu walipiga makofi.

Naona mnatikisa vichwa. Naona wengine mnacheka kwa uchungu, mnasema hawa watu wa msituni nao, jamani. Haya, mwende salama. Lakini mkifika nyumbani leo, kabla hamjaketi, inueni macho mtazame: hilo paa juu ya watoto wenu linashikiliwa na nini?