Sijda Ndefu ya Alasiri

Inasimuliwa kutoka kwa waja wema waliotangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na mji mdogo wa Waislamu mpakani mwa nchi ya Uchina. Imamu wa mji huo aliitwa Shekhe Zahiruddin, mtu wa ibada, aliyesifiwa mno kwa urefu wa sijda zake. Sifa hiyo ndiyo iliyokuja kumsuta.

Mjini humo alihamia Yunus, mfumaji wa hariri, Muislamu mwenye asili ya Uchina, aliyekimbia karakana ya mfalme wa huko. Mafundi wa karakana ile hawakuruhusiwa kutoka, wasije wakaupeleka ujuzi ugenini, na aliyetoroka hukumu yake ilikuwa kifo. Lakini mfalme huyo na amiri wa Waislamu walikuwa na mkataba: askari wa upande mmoja asivuke mpaka kumkamata mtu. Basi Yunus akafuma kwa amani, akaoa, akawa ndugu wa watu.

Siku moja, jamaa ikiwa katika swala ya alasiri, Yunus alichelewa. Alikuwa uani mwa msikiti, birikani, anatawadha, walipoingia askari wa liwali wa Kichina waliojifanya wachuuzi. Wakamfunga, wakamtupa juu ya farasi. Akapiga ukelele: "Ndugu zangu, nanyakuliwa!"

Msikiti mzima ulisikia. Shekhe alikuwa katika sijda, naye akaendelea kusujudu. Nyuma yake hakuna aliyeinua kichwa mpaka kishindo cha kwato kikapotea.

Na fikihi iko wazi, ndugu yangu: anayeswali akisikia mtu anaangamia, naye anaweza kumwokoa, huikata swala yake. Somo hilo Shekhe mwenyewe alikuwa akilifundisha kila mwaka, na kwa ukali.

Bi Ruqaya, mke wa Yunus, aliambiwa kwamba hakuna aliyesikia kitu. Lakini alikuta kilemba cha mumewe birikani na alama za kwato uani, akaenda kulia kwa amiri. Amiri akamtuma waziri wake kuonana na liwali hemani, pale mpakani, na waziri akamchukua Shekhe awe shahidi. Bi Ruqaya akawafuata, akaketi mlangoni pa hema.

Liwali alikuwa mpole wa maneno. Akasema kwa ulimi wa mkalimani, "Askari wangu wameniapia kwamba walimkamata upande wetu. Nanyi mwasema alichukuliwa msikitini, watu wakiswali. Sisi ni majirani, twawajua. Mmoja wenu akiguswa, mji mzima hutoka. Mbona siku hiyo hakutoka mtu?"

Waziri hakukubali mji uaibike. "Walitoka! Wakapigana, wakazidiwa."

"Basi nionyeshe aliyejeruhiwa."

Waziri akamgeukia Shekhe. "Apa, Shekhe, waeleze mlivyopigana." Kisha akamnong'oneza, "Ukisema vingine, umetuvua nguo sote."

Uso wa Shekhe ulimwiva kwa haya. Akamtazama yule mwanamke mlangoni, akajua kwamba akinyamaza, Yunus amekufa. Mficha uchi hazai.

"Bwana liwali," akasema, "hatukupigana. Tulimsikia. Alituita ndugu, nami nimesujudu. Ulimi wangu ulikuwa ukimtaja Mola, na masikio yangu yakisikiliza kama farasi wameshaondoka. Nilijificha ndani ya swala, na wenzangu wakajificha nyuma yangu."

Bi Ruqaya alijifunika uso kwa ushungi. Mkalimani naye aliona haya kuyatafsiri maneno yale, hata liwali akamwamuru aseme yote, asipunguze.

"Mtu husema uongo ili ajipambe," liwali akasema. "Sijapata kumwona anayesema uongo ajipake matope mbele ya wageni. Nimekuamini. Askari wangu wameniongopea, na mimi leo nimefedheheka mbele ya mfalme wangu kama wewe mbele ya Mola wako."

Akawavua vyeo askari waliovuka mpaka, na Yunus akarudishwa hai, alama za kamba zikiwa bado mikononi.

Shekhe alimwendea akilia, akamtaka radhi mbele ya watu wote.

"Nimekusamehe, Shekhe wangu," Yunus akasema. "Ila nikwambie jambo moja. Pale juu ya farasi sikuogopa. Nilijua mmesujudu, nikawa nangoja mwinuke. Njia nzima niligeuka nyuma kuwatazama."

Yasemekana Shekhe hakurudi tena mihrabuni. Aliswali safu ya mwisho, karibu na birika, mpaka alipofariki, na sijda zake zikawa fupi.

Nasi tunaosifiana kwa ibada, tujiulize ni nani aliyeko uani anatungoja tuinuke. Ewe Mola, tusitiri aibu zetu, lakini sitara hiyo asiilipie ndugu yetu. Amin.