Fungo Alivyotakaswa

"Ngano!"

"Ije na utamu wake!"

"Hii haina utamu."

"Ije hivyohivyo!"

Hapo kale wanyama walikunywa maji ya kisima kimoja, na Chui ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Miongoni mwao alikuwamo Fungo, mjane mwenye mtoto mmoja.

Asubuhi moja Kanga alikuta mayai yake yameliwa. Akasema, "Nani mwingine ila Fungo? Kwao ni walaji mayai tangu mababu."

Fungo akaitwa kisimani, mbele ya wote.

"Fungo, umekula mayai?" akauliza Chui.

"Sikula."

"Fungo, umekula mayai?"

"Sikula, bwana mkubwa."

"Fungo, umekula mayai?"

"Naapa kwa mwanangu huyu, sikula."

"Mwizi ndiye mwepesi wa kuapa," akasema Kanga. Wanyama wakacheka. Chui akaamua: Fungo na mwanawe wasiguse tena maji ya kisima.

Kiangazi kikaja, kikali. Fungo akashuka bonde la kwanza: kavu. Bonde la pili: kavu. Bonde la tatu akakuta tope, akalikamua mdomoni mwa mwanawe.

"Mama, tulifanya nini?"

"Hatukufanya kitu, mwanangu."

"Mbona wote wanasema uliyala?"

Mtoto akafa kabla ya mvua.

Mvua zilipoanza, Kenge akanaswa kiotani mwa Kanga, kiini cha yai kinamchuruzika kidevuni.

"Na yale ya kwanza?" akauliza Chui.

"Yale pia nilikula mimi."

Chui na Kanga wakamfuata Fungo kichakani alikohamia.

"Mama Fungo," akasema Chui, "tumekuja kukutakasa."

"Kunitakasa ndiyo kufanya nini?"

"Kukutoa lawamani. Huna hatia. Rudi kisimani."

Kanga akainamisha kichwa. "Niwie radhi, dada. Yamekwisha."

Fungo akawaonyesha kifusi kidogo cha udongo. "Kunitia lawamani mlikuja wote, mkicheka. Kunitoa mmekuja wawili, mnanong'ona. Haya, nimetakasika. Sasa mwambieni na huyu. Mimi nilimwambia, sijui kama aliniamini."

Fungo akawapa mgongo, akaingia porini. Kisimani hakuonekana tena.

Ngano yangu nimeitua hapo, ajiwezaye aibebe. Lawama hukimbia, utakaso huchechemea. Ukijua mtu hana hatia, wahi, na useme kwa sauti ileile uliyomlaumu nayo.

Mnaniuliza Kenge alifanywa nini? Alisamehewa siku ileile. Alikuwa na shemeji barazani kwa Chui.