Kidirisha cha Misumari Sita

Kila kitu bustanini huoza. Nyanya huoza, majani huoza, hata kijiti cha kuegemezea mche huoza kikikaa sana ardhini. Wahenga walipodai kwamba kipo kitu kimoja kisichooza, Fundi Randa, seremala mstaafu, aliwaona ni watu wasiowahi kushika jembe.

Nyumba yake ilikuwa imetulia kama maji mtungini. Mkewe alifariki miaka mitatu nyuma, akamwachia kitanda kipana mno na tuta moja la nyanya za kale, ambazo yeye mwenyewe alizirithi kwa mama yake. Zilikuwa kubwa, zenye mikunjo kama uso wa mtu anayekaribia kulia, lakini tamu ajabu, na sokoni hazikuwepo. Enzi za uhai wake, mkewe huyo alizigawa kwa majirani kupitia kidirisha alichotengenezewa na mumewe kwenye ua wa mbao. Fundi alipomnung'unikia kwamba analisha mtaa mzima, alijibiwa kuwa mtaa nao una midomo. Baada ya mazishi, Fundi alikipigilia kidirisha misumari sita. Hakutaka kuulizwa hali, maana angelia mbele za watu.

Mwaka wa tatu ugonjwa uliingia bustanini, miche ikanyauka mmoja baada ya mwingine hadi likabaki tunda moja. Fundi alilipasua, akakamulia mbegu kwenye glasi ya maji na kuiweka dirishani jikoni ichache siku tatu, kama mkewe alivyofanya, ili ute uachane na mbegu. Glasi ilifanya ukungu, ikanuka. Kila asubuhi aliisalimia, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumsalimia.

Siku ya tatu binti yake alikuja kumjulia hali baada ya miezi minane. Fundi alitoka mbio kununua mkate wa mgeni. Huku nyuma, binti alipiga jiko deki na kuosha kila chombo, hata glasi ikang'aa.

"Ilikuwa inanuka, baba. Nimeimwaga nikaisuuza kwa maji ya moto."

Fundi hakumgombeza. Aliketi, mkate ungali mkononi. "Hicho ndicho kilichokuwa kimebaki cha mama yako," alisema.

Binti alilia mpaka jioni, kisha akaondoka, na upweke wa nyumba ile ukazidi maradufu.

Wiki moja baadaye mtu aligonga ua, pale pale penye misumari. Alikuwa mshonaji wa nyumba ya nyuma, ambaye binti alimpitia siku ile na kumsimulia kisa cha glasi.

"Mzee, marehemu alinipa nyanya mwaka ule nilipougua," alisema kutoka upande wa pili. "Nililila tunda, mbegu nikazipanda kwenye ndoo. Kila mwaka nazipanda."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliziba."

Fundi alikwenda kuchukua nyundo. Misumari ilikuwa imeliwa na kutu, na aliing'oa mmoja mmoja. Kidirisha kilipofunguka, ulipenya mkono ulioshika nyanya yenye mikunjo, iliyoiva vizuri.

"Hujambo lakini?" mshonaji aliuliza.

"Sina hali, mwanangu," Fundi alijibu, akalia mbele ya mtu kwa mara ya kwanza, na hakukifunga tena kidirisha kile.

Aliyezigawa nyanya zile alikwisha kuwa udongo, na tunda lile nalo lingeoza kabla ya wiki kwisha, lakini wema hauozi.