Kabula Alipokizunguka Kisiwa

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, zamani ya juzijuzi tu, kisiwa cha Panzuni kilikuwa na ada yake. Bibi harusi aliyetoka bara hakabidhiwi nyumba mpaka akizunguke kisiwa kwa miguu, kutoka kisima cha kijiji hadi kisima kile kile, bahari ikiwa mkono wake wa kushoto mwanzo mwisho. Asibebwe, asikate njia katikati, na afike kabla ya adhana ya alasiri. Akichelewa, basi, mpaka mwakani. Akifika, anampa doti ya kanga yule aliyemfikisha, na huyo ndiye somo yake: ataingia nyumbani kwake saa yoyote, bila hodi, maisha.

Sasa Kabula alitoka Shinyanga huko, kwa wafuga ng'ombe. Mumewe alikwisha kujenga nyumba, bati juu, mlango umetiwa, umebaki ufunguo tu. Lakini tangu aolewe, Kabula alikuwa akikaa kwa mama mkwe wake, Bi Nunu, akilala chumba kimoja na kuku wanaoatamia. Na Bi Nunu hodi haijui! Anaingia tu. "Mwanangu, bado umelala?" Anatoka, anarudi. "Mwanangu, mchuzi ule umetia chumvi au umeiangalia tu?" Kabula alikuwa radhi kuizunguka dunia, seuze kisiwa.

Wakatoka asubuhi, maji yamekupwa, wanawake wanne: Kabula, Bi Nunu, wifi yake Zena, na jirani yao Time. Njia tamu hiyo, jamani! Mchanga mweupe, maua ya mikadi yananukia, kaa wanakimbilia mashimoni, Time anaimba na kujiitikia mwenyewe. Walipofika ghuba ya kwanza wakakaa kivulini wanywe madafu. Kabula akavua viatu, akavipanga vizuri pale chini mchangani. Kurudi, viatu hakuna.

"Uliviweka wapi?" Zena akauliza.

"Pale."

"Pale baharini?"

"Hapakuwa bahari!" Kabula akapiga kelele. "Kwetu maji yakiwekwa mahali yanakaa!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakavitafuta, wakavitafuta, jua likapanda na maji yakazidi kujaa, viatu wasivione.

Mbele yao ilikuwa miamba mitupu, yenye ncha za kuchana nyavu. Zena akavua viatu vyake.

"Vaa, wifi."

"Na wewe je?"

"Mie miguu yangu imezaliwa hapa."

Uongo mtupu! Alitoboka, akatoboka tena, damu ikawa inabaki kwenye mawe, naye anauliza tu kama viatu vinambana Kabula.

Wakafika horini, pale mkono wa bahari unapoingia kisiwani. Asubuhi hori lile ungelivuka bila kulowa kifundo. Sasa maji yanafika kifuani, na Kabula hajui kuogelea. Bi Nunu na Zena wakatangulia. Time akabaki ukingoni. Jioni ile alikuwa na harusi ya dada yake, na nywele zake alikuwa akizifukiza udi tangu juzi, hata upepo hataki uziguse. Akamtazama Kabula, akayatazama maji.

"Nishike kiuno, shoga. Ukinizamisha nitakuua."

Katikati ya hori Kabula akateleza, akamvuta, wakazama wote wawili. Time akaibuka naye akimkokota, mpaka ng'ambo. Udi wote uliwabakia samaki.

Kisha ufukwe wa mwisho. Kisima kile pale, watu wale pale, mume anapunga kofia. Hapo ndipo Kabula alipochoka kabisa. Akakaa.

"Siwezi. Basi. Mpaka mwakani."

Zena akambembeleza, hola. Time akamsihi, hola. Bi Nunu akaja taratibu, akakaa kitako kando yake, akanyoosha miguu.

"Pumzika, mwanangu. Mwaka ni kitu gani? Tutaishi vizuri, mimi, wewe na kuku. Kesho alfajiri nitakuja kukuamsha, nikufundishe tena kukuna nazi."

Kabula huyooo! Mtandio umemtoka, hageuki nyuma, mpaka mkono wake ukagusa kisima. Mwadhini akakohoa, akaanza adhana.

Vigelegele! Mume akamtia ufunguo mkono wa kulia, wazee wakamtia doti ya kanga mkono wa kushoto.

"Mie sidai," Zena akasema, "lakini zitazame nyayo zangu."

"Mie nadai," akasema Time. "Bila mimi ungekuwa chini ya hori saa hizi. Na harusini leo nitanuka dagaa."

"Hawa walikufikisha ufukweni," akasema Bi Nunu. "Ufukweni ukakaa kitako. Nani aliyekuinua?"

"Ulinitisha, mama!"

"Kwani nilikuwa sijui nitakalokutisha nalo?"

Akacheka, lakini Kabula aliyaona machozi yake, akaona huruma na hofu kwa pamoja. Usiku ule Bi Nunu angelala na kuku peke yao. Na akipewa ile kanga, asubuhi yake ataingia kwenye mlango mpya: "Mwanangu, bado umelala?"

Haya, nyinyi mnaocheka, msiniambie doti igawanywe. Vipande viwili, wenyewe watatu. Kabula bado amesimama kisimani, kanga i mkononi, watu wanamtazama. Je, nani alistahili?