Kompyuta Iliyofundishwa Kusema Salama

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Kina mama, sogeeni kidogo, hao waliochelewa nao ni wa Mungu. Leo mfano wangu hautoki kwenye mbegu wala kwenye kondoo, unatoka kwenye kompyuta. Naona wazee wa benchi la nyuma mmeshaanza kuangaliana. Tulieni, nitakwenda nanyi taratibu, na nikimaliza mtagundua kuwa nilikuwa nawasema ninyi tangu mwanzo.

Palikuwa na fundi mmoja wa kompyuta katika kiwanda cha chai huko milimani, kule ambako ukungu unaingia mpaka chumbani bila kupiga hodi. Alikuwa mtu wa mbali. Alifika pale na mke wake, wakapewa nyumba ya kiwanda mwisho wa safu, karibu na mikaratusi. Kisha mke akaugua, akafariki, akazikwa kwao. Matanga yakaisha, watu wakatawanyika, na fundi akarudi milimani na begi moja na blanketi la marehemu.

Hapo ndipo upweke ulipomshika. Jioni akifungua mlango hapakuwa na wa kumpokea. Sufuria za mke wake ziliendelea kuning'inia ukutani, hakuna aliyezishusha. Aliacha kupika. Alikula mkate na chai ya rangi akiwa amesimama, maana kukaa mezani peke yake kulimuuma. Suruali zikaanza kumpwaya. Na ukikutana naye njiani ukamwuliza, "Fundi, habari?" anakujibu haraka, tena kwa tabasamu: "Salama kabisa!" Watu wakapita zao. Ninyi mngefanya nini? Mtu amekuambia salama, utamng'ang'ania?

Sasa niwaeleze kazi yake. Ofisini, juu ya kilima, kulikuwa na kompyuta moja kubwa. Ndani ya hiyo moja mafundi walikuwa wametengeneza kompyuta nyingine kadhaa, si za kushika kwa mkono, lakini kila moja inafanya kazi yake kana kwamba iko peke yake duniani. Fikirini nyumba moja ya kupanga yenye wapangaji wengi. Huyu anaangalia ghala, huyu anaangalia zamu za wafanyakazi, huyu anaangalia mashine za kukaushia majani kule bondeni. Kila mpangaji anaamini ana mlango wake mwenyewe wa kutokea barabarani. Kumbe mlango wa kweli ni mmoja tu: kadi moja ya mtandao, na waya mmoja unaotoka hapo na kushuka bondeni chini ya ardhi.

Mtaniuliza, mchungaji, mlango mmoja unawatoshaje wote? Mle ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, kuna programu inayoitwa kiendeshi. Hicho ndicho msimamizi wa nyumba. Kinaishika kadi ya kweli, kinaigawa, kinampa kila mpangaji kadi yake ya kivuli. Mpangaji haugusi waya. Hajawahi kuuona. Akitaka kujua kama njia ya kutoka iko wazi, anakiuliza kiendeshi, "Njia ipo?" na chochote atakachojibiwa anakiamini. Waya ukiwa mzima anaambiwa ipo, na taa yake inakuwa ya kijani. Waya ukikatika anaambiwa haipo, taa inakuwa nyekundu, na yule wa mashine za kukaushia anapiga king'ora ili mtu ashuke bondeni kwa miguu akapunguze moto kwa mkono wake.

Mmenielewa? Haya, twende.

Ule waya ulikuwa umechoka. Mahali fulani katikati ya mashamba ya chai kiungio chake kilikuwa kimelegea. Mvua ikinyesha unakatika, jua likiwaka unarudi. King'ora kikawa hakinyamazi. Meneja, mama mmoja mkali asiyependa kelele, akamwita.

"Fundi, hiki king'ora chako kitatutia wazimu. Kuna nini?"

"Ni waya, mama. Inabidi ufukuliwe uunganishwe upya."

"Basi omba watu wakusaidie kufukua."

"Sawa, mama."

Hakuomba. Ndugu zangu, kuomba watu ni kugonga milango. Ni kushinda nao shambani kutwa nzima, ukiulizwa mbona umekonda, unapikiwa na nani, marehemu aliugua nini. Fundi hakuwa na nguvu za kuyajibu maswali hayo. Akarudi kwenye kiti chake kutafuta njia ya mkato, na kwa bahati mbaya ilikuwepo. Kile kiendeshi kinakubali kuamriwa. Ukitaka, kitawaambia wapangaji hali ya kweli ya waya. Ukitaka, kitawaambia njia ipo siku zote, waya uwe mzima, uwe umekatika. Amri hiyo haikuwekwa kwa ubaya. Iliwekwa ili wapangaji waendelee kuzungumza wao kwa wao mle ndani hata kama nje hakupitiki.

Fundi akaandika amri hiyo fupi, akabonyeza. Taa zote zikawa za kijani. King'ora kikanyamaza. Meneja alipopita mlangoni akasema, "Umeona? Kumbe unaweza." Fundi akatabasamu, akashukuru.

Huyu fundi alikuwa na dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea wazazi walipofariki, na aliishi kwao kijijini. Kila Jumapili baada ya ibada alimpigia simu. Zamani alikuwa akimwandikia pia, ujumbe mrefu wenye habari za kuku na za majirani. Siku hizi hakuandika tena, alipiga tu. Fundi alidhani dada ameanza kumchoka, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

"Habari za huko, mdogo wangu?"

"Salama, dada."

"Unakula?"

"Nakula vizuri."

"Nilikuwa nawaza nije nikuone."

"Aa, usijisumbue, dada. Huku kuzuri, sina shida yoyote. Na wewe, habari za nyumbani?"

"Salama tu, mdogo wangu. Salama."

Wakaagana. Fundi akaweka simu kitandani, akajifunika lile blanketi, akalia kwa sababu dada yake hakuja. Mmelisikia hilo? Amemkataza mwenyewe, kwa mdomo wake, kisha analia kwamba hakuja. Nawaona mnaocheka. Cheka, ndugu yangu, lakini jiulize ni nani uliyemwambia juzi "usijisumbue" huku ukitamani ajisumbue. Hivyo ndivyo zilivyokwenda Jumapili zake, moja baada ya nyingine. Alikuwa anazama, na dunia nzima ilikuwa na taarifa kwamba anaendelea vizuri.

Masika yakakolea. Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, udongo ukaporomoka kwenye mteremko na waya ukakatika kabisa. Ofisini hakuna aliyejua. Mle ndani wapangaji waliendelea kupeana habari, wa ghala na wa zamu, wa zamu na wa ghala, kijani kila mahali. Ulipofika wakati wa kupunguza moto, yule mpangaji wa mashine za kukaushia akatuma amri: punguza. Akatuma tena: punguza. Amri zikafika kwenye kadi zikaishia hapo. Alituma kwa uaminifu, maskini, wala hakuna aliyemwambia kwamba anazungumza na ukuta.

Kule bondeni wafanyakazi walikuwa wametoka kwenda kula. Ilianza kuwafikia harufu, kisha moshi. Tunamshukuru Mungu, hakuumia mtu. Lakini majani yote ambayo kina mama walikuwa wamechuma tangu asubuhi, kwenye ile mvua, yaliungua yakawa mkaa. Wakapanda kilimani na vikapu vyao vitupu, wamelowa, wakasimama mbele ya ofisi. Meneja akamtoa fundi nje.

"Kompyuta ilikuwa inasema nini muda wote huo?"

"Ilikuwa inasema salama, mama."

"Nani aliifundisha kusema salama?"

Fundi angeweza kuitaja mvua. Angeweza kuutaja uchakavu wa waya, na asingekuwa mwongo. Akasema, "Mimi." Na neno hilo lilipomtoka, akaziona moyoni sufuria za mke wake ukutani, akaona mkate aliouacha dirishani, akaelewa kwamba hiyo amri alikuwa ameshaiandika kifuani mwake kabla hajaiandika kwenye mashine. Akalia mbele ya watu wote, mtu mzima, kwa sauti.

Mmoja wa wale kina mama akaweka kikapu chini. "Baba," akamwambia, "sisi kila siku tunakuuliza habari. Kila siku unatujibu salama. Tungejuaje?"

Kesho yake hao hao ambao majani yao yaliungua walikuja na majembe, na waume zao, na fundi katikati yao, wakaufukua ule waya kutoka kilimani mpaka bondeni. Aliulizwa maswali yote aliyoyakimbia. Aliyajibu akiwa ameinama na jembe, na hakufa. Jioni akaiondoa ile amri, na kiendeshi kikarudi kusema kweli.

Ikafika Jumapili. Simu ikaita.

"Habari za huko, mdogo wangu?"

"Salama, dada." Ulimi ulitangulia, si mnajua ulivyozoea. Kisha akaikaza simu sikioni. "Ila dada, siko salama. Sili. Silali. Tangu tumzike sijapata mtu wa kumwambia. Nakuomba uje."



"Siwezi kuja, mdogo wangu."

"Kwa nini?"

"Sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni kabisa. Macho yangu yalikwisha tangu mwaka jana, baada ya matanga. Hata hii namba yako ananibonyezea jirani. Kila Jumapili nilikuwa nakuambia nitakuja, nikiomba moyoni unijibu njoo, nipate pa kuanzia kukueleza kwamba siwezi. Wewe ukawa unaniambia nisijisumbue. Nikaona wewe una raha zako, nisikuharibie."

Ndugu zangu, mmeona? Tangu mwanzo tulimhurumia fundi peke yake. Kumbe kila Jumapili walikuwa wawili kwenye ile simu, kila mmoja gizani kwake, kila mmoja amewasha taa ya kijani, na waya kati yao umekatika siku nyingi.

Fundi akaomba ruhusa, akapanda basi. Alimkuta dada yake ameketi mlangoni, ameuelekeza uso upande ambao hakuna mtu. Akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono. Dada akampapasa uso, akashuka kwenye shingo, akashuka kwenye mabega, vidole vikasimama pale mifupa ilipochomoza. "Umekonda, mdogo wangu," akasema, na wote wawili wakalia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Sasa turudi kwetu. Sisi ni watu wa salama. Ni malezi yetu, wala siyalaumu. Mtu anakuuliza habari za nyumbani, hata kama nyumbani kuna maiti ndani, unaanza na salama, ndiyo adabu. Lakini wazee wetu hawakuishia hapo. Walisema, "Salama, ila mtoto anaumwa." "Salama, ila ng'ombe amekufa." Salama ilikuwa ya kumpokea mgeni, na baada yake ikaja ile ila, ndipo mgeni anavua kofia, anaketi, anakuuliza imekuwaje. Sisi wa leo tumebaki na salama peke yake. Tunaitoa mlangoni, tunafunga mlango.

Tazama humu ndani tulivyo. Tunaimba pamoja, tunapeana mikono, tunaitana mpendwa. Wale wapangaji nao walikuwa wanapeana habari vizuri sana mle ndani. Nani kati yetu amekuja leo akiwa hajala na mtu chakula cha jioni tangu msiba ulipoisha? Nani ana mama anayepiga simu kila wiki kusema hajambo, naye ameridhika? Hata kwa Mungu tunapeleka salama, tunamsomea habari njema zetu kana kwamba yeye ni meneja anayechukia king'ora. Iruhusu taa yako iwe nyekundu, ndugu yangu. Watu wenye majembe wapo. Wanangoja kuambiwa wafukue wapi.

Na wewe unayeuliza habari, usiwe na haraka. Yule dada aliuliza kila Jumapili, na yule fundi naye aliuliza, na kuuliza kwao hakukusaidia kitu, kwa kuwa kila mmoja alipojibiwa salama alishukuru akakata simu.

Baada ya ibada tutapanga mstari pale nje kama kawaida, kabla ya mnada wa kuku na ndizi. Nitakushika mkono nikuulize habari za nyumbani. Utasema salama, najua. Sitauachia mkono wako. Nitasubiri hapo hapo, hata kuku walie. Na ukimaliza, tafadhali, niulize na mimi, kisha nawe usiuachie mkono wangu. Maana mchungaji wenu hujibu salama kila Jumapili kwenye mlango ule, na mpaka leo hajatokea aliyesubiri.

Tusimame.