Hovenka ya Bi. Nyamizi

Hapo zamani, na asiniulize mtu zamani ipi, maana si ile ya wafalme na mazimwi. Ni hii ya juzi tu, ya kaseti na betri za kuanikwa juani. Sogeeni. Mwenye kusinzia akasinzie kwake, kwa sababu mwishoni nina kazi ya kuwapa na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Palikuwa na mama mmoja kule Urambo, nchi ya tumbaku, jina lake Nyamizi. Masikio ya mama huyu yalikuwa yanakufa. Hayakufa kwa mpigo. Yalianza kuacha kusikia ndege, yakaacha kusikia mvua juu ya bati, kisha yakaanza kuwaacha watu. Daktari wa mkoani alimpima akasema, "Mishipa ndiyo inayokufa. Vile vifaa vya kuvaa sikioni havitamsaidia. Ana miezi sita, labda saba, halafu basi."

Mwingine angelia kwa ajili ya dunia nzima. Bi. Nyamizi alilia kwa ajili ya kaseti moja. Binti yake, Kabula, alifariki miaka minne nyuma kwa homa ya uzazi, huko Kaliua alikoolewa, na kichanga chake kikamfuata. Kaka yake Kabula, Kapaya, ndiye aliyekuwa kando ya kitanda, na ndiye aliyemrekodi akimbembelezea mtoto nyimbo. Akaileta kaseti nyumbani pamoja na habari za msiba. "Alilala tu, mama," akamwambia. "Hakuteseka, hakusema neno."

Redio ya nyumbani ilikuwa mbovu. Ukiiweka kaseti ile, inachakacha kama mtu anakaanga bisi, na Kabula anaimba kwa mbali huko nyuma ya bisi. Bi. Nyamizi alikuwa na haja moja tu iliyobaki: amsikie mwanawe vizuri, hata mara moja, kabla masikio hayajafunga. Lishikeni hilo. Mengine yote yanatoka hapo.

Alikuwa akiishi na mdogo wake, Kalunde, mjane mwenzake. Popote alipoketi Bi. Nyamizi, Kalunde aliketi kushotoni kwake, akamwambia sikioni kila lililosemwa. Mji mzima ulijua kwamba Kalunde ndiye sikio la dada yake.

Sasa, katika mji ule palikuwa na mkuu wa stesheni mstaafu mwenye Hovenka. Nyie mmezaliwa jana, Hovenka hamuijui. Ilikuwa mashine ya muziki kutoka Ulaya, spika zake za mbao nzito zinang'aa kama meza ya askofu. Watu walikwenda kwa yule mzee wakijidai wanamjulia hali, kumbe wanakwenda kuitazama. Wapo waliosema ni jina tu, redio ni redio. Wapo waliosema mwenye Hovenka hana haja ya kwenda dansini tena. Waliobishana zaidi ni wale ambao hawakuwa na uwezo hata wa kununua waya wake.

Kapaya alikwenda kuisikiliza akarudi macho yamemtoka. "Mama, ile si redio," akasema. "Unamsikia mwimbaji akivuta pumzi. Unasikia kidole kikiteleza kwenye uzi wa gita. Chochote kilichomo ndani ya kaseti, ile inakitoa."

Akampeleka. Bi. Nyamizi akaegemeza sikio la kushoto kwenye spika, na mkuu wa stesheni akawasha. Akasikia ngoma. Miaka miwili alikuwa hajasikia ngoma. Mama wa watu akalia palepale, sebuleni kwa wenyewe, na hakuona haya. Alipomaliza kulia akasema, "Naitaka."

Lakini hakuwa mjinga. Kabla ya kuuza shamba lake la bondeni, alikwenda kwa fundi. Fundi redio wa pale sokoni alikuwa Pazi, Mzaramo, na mnajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani anakuja msibani kwako anamtukana marehemu, nawe unacheka na machozi yako. Aseme atakalosema, huruhusiwi kukasirika. Bi. Nyamizi alikuwa amemwachia ile kaseti wiki nzima aisafishe, na Pazi alikuwa ameisafisha na kuisikiliza mwanzo hadi mwisho, spika ndogo za masikioni zimembana kichwa.

"Mtani," Bi. Nyamizi akamwuliza mbele ya Kapaya, Kalunde na wateja, "wewe ndiye fundi. Hovenka inafaa, au nauziwa jina?"

Pazi akakuna kichwa kwa bisibisi. "Nusu unauziwa jina, mtani wangu. Nusu nyingine ni kweli, na hiyo nusu ya kweli ndiyo mbaya. Usinunue. Mashine ile inatoa hata yaliyofichwa, na nyie Wanyamwezi mmeficha mengi kuliko panya wa ghalani. Utamwona huyu Kapaya wako anavyoikimbia nyumba."

Watu wakacheka, Kapaya naye akacheka. Kalunde akamjibu, "Mzaramo na ushauri wapi na wapi? Rudi kwenu ukacheze ngoma." Bi. Nyamizi alipoambiwa sikioni alicheka mpaka akashika mbavu. Pazi akacheka kidogo, akainamia kazi yake.

Basi shamba likauzwa. Mashine ikaagizwa. Meli, bandari, ushuru, treni, miezi mitano ikaisha. Kila Jumatatu Bi. Nyamizi alikwenda stesheni kuuliza, na kila Jumatatu ilibidi Kalunde aongeze sauti kidogo anapomrudishia jibu.

Ilipofika, wakaipanga sebuleni siku ya kumbukumbu ya Kabula, saa tisa mchana, nyumba imejaa majirani, wengine wanachungulia dirishani. Pazi ndiye aliyeunganisha waya. Aliunganisha, akafungua, akaunganisha tena, lakini kazi ya fundi nani anaihoji? Bi. Nyamizi akaketi chini, kiganja juu ya spika. Kapaya akabonyeza.

Kabula akaimba. Jamani, aliimba kana kwamba yuko chumbani humo. Walisikia midomo yake inavyofunguka, wakasikia kitanda kikilia alipogeuka. Wanawake wakajifunika kanga usoni. Hovenka haikuwa jina tupu, mimi simsingizii mtu wala kitu.

Wimbo ukaisha. Katika redio ya zamani, hapo palikuwa na mchakacho tu, na siku zote walikuwa wanazima. Safari hii hakuna aliyezima. Kapaya, siku ile ya Kaliua, alisahau kusimamisha kurekodi, na kaseti ilikuwa imeendelea kuzunguka. Mlango ukasikika, mtu akakohoa. Halafu, kwa mbali lakini waziwazi, Kabula akasema:

"Kapaya, mama yuko wapi? Mmemwita?"

Na sauti ya Kapaya ikajibu, "Nimemtuma mtu, Kabula. Yuko njiani."

"Leo siku ya tatu unaniambia yuko njiani."

Kisha kilio cha Kabula, hicho hicho tu, mpaka kaseti ikafika mwisho ikajizima yenyewe.

Nyumba nzima ikamtazama Kapaya. Kila mtu pale alijua kwamba hakuna aliyetumwa. Siku zile Bi. Nyamizi alikuwa banini, kwenye kibanda cha kukaushia tumbaku, anachochea moto. Moto wa bani hukaa siku saba hauachwi, ukiuacha majani yanaharibika na mwaka mzima umekwenda. Habari zilimfikia siku ya nane, na zilikuwa habari za maiti.

Na yeye mwenyewe? Yeye ameketi, kiganja juu ya spika. Ubao ulikuwa ukitetemeka chini ya kiganja chake, basi. Hakusikia wimbo, hakusikia kilio. Hovenka ilikuwa imechelewa mwezi mmoja. Alibakiwa na uzi mwembamba tu wa kusikia, sikio la kushoto, mtu akiweka mdomo pale pale. Akaligeuza kwa mdogo wake.

"Anasema nini? Kalunde, mwanangu anasema nini?"

Kalunde akawatazama watu. Watu wakatazama sakafu. Akaweka mdomo sikioni, akasema, "Anasema, mama, nimekuridhia kwa yote. Anasema usilie."

Bi. Nyamizi akafumba macho, akayarudia maneno yale taratibu.

Akayatembeza siku tisa. Alimwambia muuza maziwa, aliwaambia kanisani, alimwambia mkuu wa stesheni. "Mwanangu kaniridhia. Shamba limekwenda lakini Hovenka imenifaa." Na waliokuwapo siku ile, anapowaambia, walitazama vidole vya miguu yao. Siku ya tano ule uzi ukakatika, ukawa mwisho wa masikio yake. Siku ya tisa akaenda kwa Pazi, maana Pazi ndiye aliyekuwa na mkono mzuri wa kuandika mabango. "Mtani, niandikie maneno ya Kabula kwenye msalaba wake wa saruji."

Pazi akalisogeza kando kopo lake la rangi. Halafu akachukua chaki na ubao wake wa kazi, akaandika yote. Mama yuko wapi. Yuko njiani. Leo siku ya tatu. Akaandika pia kwamba yeye aliyasikia tangu siku aliyosafisha kaseti.

Bi. Nyamizi alisoma polepole, kidole juu ya kila neno. Alipofika mwisho akacheka. "Leo umezidi, mtani," akasema, akasubiri Pazi acheke. Pazi hakucheka. Hapo ndipo mama yule alipoketi chini kwenye vumbi la sokoni.

Kesho yake akawaita watatu wale, akawaketisha mbele ya Hovenka, akawapa daftari. "Andikeni," akasema. "Kila mtu na lake."

Kapaya akaandika: "Mama, ulikuwa banini, na tumbaku ya mwaka mzima iko motoni. Wewe mwenyewe ulituapisha tungali wadogo, ukasema, nikiwa banini hata nyumba ikiungua msiniite. Nilidhani homa itashuka. Nilimdanganya ili asikate tamaa. Na ni mimi niliyekutafutia mashine hii umsikie, sikujua nimo humo ndani."

Pazi akaandika: "Nilisikia wa kwanza. Ningesema kavukavu ningekuwa mgeni aliyekuja kuvunja nyumba ya watu. Nikasema kwa mdomo wa utani, kwa sababu ndio mdomo mlionipa hapa. Nilikwambia usinunue. Mlicheka."

Kalunde akaandika: "Mimi sikumwacha mgonjwa, wala sikujua kitu. Uliniuliza mbele ya watu, dada, na nilikuwa na pumzi moja ya kujibu. Nikakupa maneno ambayo Kabula angekupa kama angekuona. Siku tisa ulilala usingizi ambao hujaulala miaka minne."

Bi. Nyamizi akasoma, akarudia kusoma. Kisha akazungumza, kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyesikia asemalo.

"Kapaya. Tumbaku ile niliiuza nikanunua bati. Ningeweza kulala chini ya paa la nyasi. Lakini kiapo nilikulisha mimi, hilo sikatai.

"Pazi. Mdomo wa utani tulikupa sisi. Ule mwingine ulizaliwa nao, na ulijua njia ya kuja kwangu peke yako.

"Kalunde." Hapo aligusa sikio lake la kushoto. "Sauti ya mwisho niliyoisikia duniani ilikuwa yako, na ilikuwa ya uongo."

Akalifunga daftari. "Mmoja wenu amenitenda vibaya kuliko wenziwe. Nikifa, huyo asinitie mchanga kaburini. Simtaji. Ajijue."

Hakusema tena neno la jambo lile. Kila asubuhi aliweka kaseti, akaweka kiganja juu ya spika, akakaa hivyo mpaka ubao uache kutetemeka. Mvua za kwanza zilipoanza, akafa.

Sasa tuko makaburini. Jeneza limeshashuka. Kwa kawaida hapa ndipo mtani anapojitosa kaburini, analala, anadai apewe jogoo ndipo atoke, watu wanacheka na kazi inakwenda. Pazi amesimama ukingoni kama gogo, hana utani hata mmoja. Kapaya yuko upande wa kichwa, yeye ndiye mwana, ndiye wa kuanza. Kalunde yuko kushoto, ni mazoea ya miaka. Kila mmoja ameinama ameokota mchanga. Kila mmoja ameukamata. Wote wakiutia, wamemvunjia marehemu neno lake la mwisho. Wote wakiuacha, anazikwa kama mtu aliyekufa ugenini.

Padri anasubiri. Wingu limeinama juu ya Kaliua linakuja huku. Msinitazame mimi, mimi nimeshamaliza, na nyie ndio mliokuwa mkicheka pale kwa fundi. Kapaya, Pazi, Kalunde: je, nani alistahili kufumbua mkono na kuuacha mchanga wake uanguke pembeni?